Boksi la taa msilitupe

Ndugu zangu mafundi, na ninyi wenye nyumba mlioacha shughuli zenu mkaja: boksi la taa msilitupe! Nimelisema Nkuhungu, nimelisema Chang'ombe, na bado naingia nyumba mpya nakuta fundi anachoma maboksi yote uani, na mwenye nyumba hajui taa iliyo juu ya kichwa chake ni ya kampuni gani.

Kule Marekani zilikuwepo taa za halojeni, zile ndefu za kusimama sakafuni, zenye bakuli linalotazama dari. Balbu wati 300, nyingine 500. Pazia likigusa pale, moto. Januari 1997 taa ya namna hiyo ilipinduka, ikaunguza fleti ya Lionel Hampton, mkongwe wa jazi, mjini New York. Agosti mwaka huohuo tume yao ya usalama wa bidhaa ikatangaza kwamba taa kama milioni 40, zilizokwisha kuuzwa, zirekebishwe. Milioni 40! Na dawa yenyewe? Kikinga cha waya cha kufunika balbu, kilitolewa bure, mtu akakipachika mwenyewe. Lakini kikinga hakikufuati nyumbani. Lazima kwanza ujue kuwa taa yako imo kwenye tangazo.

Kuna anayesema, "Mwalimu, hayo ya Marekani." Haya, tuje Dodoma. Holda, pale balbu inapochomekwa, imeandikwa mwisho wati 40, mtu anaweka 100 kwa sababu sebule ina giza. Plastiki inageuka kahawia, inakauka, inapasuka. Waya unalegea kwenye skrubu, cheche zinaanza, na juu yake kuna mbao za kenchi zilizokauka kwa jua letu hili.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inaruhusu bidhaa hatari iamriwe kurudishwa. TBS, shirika letu la viwango, nao huondoa sokoni zisizokidhi viwango. Sasa tangazo likitoka na namba ya modeli, utailinganisha na nini? Risiti hukudai, boksi limekuwa majivu, lebo imegeukia darini.

Fundi, kabla hujaifunga taa, piga picha ya lebo, mtumie mwenye nyumba hapohapo. Dakika moja!

Nilitaka kugusa taa za kuchaji, na nyaya za alumini zilizopakwa shaba, ila naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi shikeni hili: taa ikinuka plastiki, zima meni swichi, msiwashe mpaka fundi aifungue. Moto ukishawaka, tokeni nje, pigeni 114. Karibuni kwa maswali.