Umefika Wapi? Simu Zetu na Dereva Aliye Njiani

BAKARI: Assalaam aleikum wasikilizaji, hamjambo nyote. Tuko Ngamiani, Tanga. Mimi Bakari, na pembeni yangu yupo dada'angu Mwanaidi.

MWANAIDI: Waaleikum salaam kaka Bakari. Leo naomba nianze mimi. Jambo hili nimekaa nalo mwaka mzima.

BAKARI: Karibu, dada. Tunakusikiliza.

MWANAIDI: Mdogo wangu ni dereva, anapakia abiria Tanga na Muheza. Siku hiyo jioni nikampigia. Wala hapakuwa na dharura, nilitaka aniletee machungwa. Akapokea: "Dada, niko Pongwe, sema." Basi nikaanza: chukua yale yenye ganda jembamba, usikubali yaliyolala. Sijamaliza, nikasikia kishindo. Halafu breki, halafu abiria wanapiga mayowe. Simu haikukatika, kaka. Redio ya gari inaendelea kuimba, mimi naita jina lake, hakuna anayeitika.

BAKARI: Subhanallah. Aligonga nini?

MWANAIDI: Mtu wa baiskeli. Mzee, anatoka shamba na mzigo wa kuni nyuma. Alhamdulillahi alipona, lakini mguu ulivunjika na mpaka leo anatembelea mkongojo. Trafiki akamuuliza mdogo wangu: hukumwona? Akajibu, sikumwona. Barabara imenyooka, jua bado lipo! Watu wakasema anadanganya. Mimi namwamini.

BAKARI: Na una haki ya kumwamini. Kuna mtafiti anaitwa David Strayer, wa Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani. Yeye na wenzake waliwaweka watu kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji wa gari, wanaongea na simu bila kuishika. Kifaa kikawa kinafuatilia macho yao yanatua wapi. Baadaye wakaulizwa juu ya mabango waliyoyapita. Hata bango ambalo jicho lilitua juu yake, waliokuwa kwenye simu walilikumbuka kidogo sana kuliko waliokuwa wakiendesha tu.

MWANAIDI: Macho yako Pongwe, akili iko kwenye machungwa.

BAKARI: Ndivyo. Ndiyo maana nasikitika nikisikia mtu anasema, "Mimi natumia spika za masikioni, niko salama." Mikono imebaki kwenye usukani, sawa. Akili je? Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali mara 4 hivi zaidi ya asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina nafuu kubwa.

MWANAIDI: Lakini mbona dereva anaongea na konda njia nzima?

BAKARI: Konda anaiona barabara. Ng'ombe akikatiza, konda ananyamaza mwenyewe, au anapiga kelele "angalia!" Wewe uliyeko nyumbani huoni kitu. Unaendelea kueleza ganda jembamba.

MWANAIDI: Hilo limeniingia.

BAKARI: Halafu tupige hesabu ya macho sasa, maana wengine wanasoma ujumbe kabisa. Gari ikienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde inakula mita 22. Ukiinamia simu sekunde 5, umepita zaidi ya mita 110 bila kutazama. Uwanja mzima wa mpira, goli hadi goli. Na mji wetu huu ni wa baiskeli. Mama amebeba mtoto, mwanafunzi anatoka shule, wote wako pembeni mwa lami hiyo hiyo.

MWANAIDI: Na bodaboda? Simu wanaichomeka ndani ya helmeti, shavuni.

BAKARI: Nimeendesha bajaji miaka 3, najua kinachowasukuma. Mteja akipiga usipopokea, anampigia mwenzako. Hela ya siku imeondoka. Kwa hiyo kumwambia kijana "acha simu" halafu ukaishia hapo ni kumwonea. Wateja nasi tujifunze kusubiri. Tuma ujumbe mmoja: "Niko Chumbageni, nakusubiri." Akishusha abiria atausoma.

MWANAIDI: Wewe ulikuwa unafanyaje?

BAKARI: Nikitoka kijiweni naizima sauti, naitia kwenye mfuko wenye zipu. Nikiiacha inalia, hata nisipopokea, moyo unauliza ni nani. Ikibidi kupiga, natoka barabarani kabisa, si kusimama ukingoni mwa lami. Wenye magari madogo, ramani iwekeni kabla ya kuwasha gari. Mahindi ya kuchoma nayo malizeni hapo hapo mliponunua. Kitu kikianguka chini ya kiti, kiacheni huko huko mpaka msimame.

MWANAIDI: Na abiria, tafadhali, semeni. Tunakaa kiti cha mbele, dereva anaandika kwa dole gumba, sisi kimya, tunaona haya. Mwambie kwa adabu: "Kaka, mpe konda simu akupokelee." Nimeanza kusema hivyo. Wapo wanaonuna, lakini wengi wanaitoa.

BAKARI: Na wewe na mdogo wako mnawasiliana vipi siku hizi?

MWANAIDI: Simpigii akiwa njiani. Tulikaa kikao cha familia, mama naye akiwepo, maana yeye ndiye bingwa wa "umefika wapi?" Tukakubaliana: akishaegesha stendi ya Muheza ananibipu mara moja. Akirudi Tanga, mara mbili. Mzee wa baiskeli tunakwenda kumjulia hali kila mwezi, na mdogo wangu ndiye anayemchukulia machungwa.

BAKARI: Leo je, kashabipu?

MWANAIDI: Mara moja tu. Bado namsubiri.