Nani Asubiri? Makatizo Ndani ya Terminali

Karibuni. Tuanze na hesabu kidogo. Terminali, yaani skrini na kibodi vilivyoungwa na kompyuta kwa waya, inapokea biti 9,600 kwa sekunde. Herufi moja hula biti 10: ya kufungua, 8 za herufi yenyewe, na ya kufunga. Basi ni herufi 960 kwa sekunde, karibu moja kila milisekunde. Mchapaji hodari hafikishi hata 20.

Sasa waya na kibodi vikibisha hodi pamoja, yaani vikiikatiza prosesa kazi yake (ndiyo makatizo), prosesa imfungulie nani? Naona wengi mnanyooshea kibodi, kwa kuwa nyuma yake yupo binadamu. Hapana! Chipu ya kupokea ina nafasi ya herufi moja tu. Nyingine ikiwasili kabla hiyo haijachukuliwa, ya zamani imekwenda. Kitufe hukaa kimebonyezwa makumi ya milisekunde. Kinaweza kungoja.

Terminali ya VT100 ya mwaka 1978, yenye prosesa ya Intel 8080, ilikuwa na wabisha hodi watatu: kibodi, kipokezi cha waya, na mapigo ya skrini, yaani ishara ya kila skrini inapochorwa upya. Kila mmoja alikuwa na biti yake katika namba inayoiambia prosesa irukie wapi. Wakibisha wawili, biti zao huungana, prosesa ikatua kwenye anwani ya tatu, na hapo programu ndiyo huamua nani aanze. Mimi huo ujanja naupenda sana.

Kuhusu kuziba makatizo yasisikike kwa muda: 8080 ina swichi moja. Amri ya DI huzima makatizo yote, EI huyawasha, tena baada ya amri inayofuata kwisha, ili mhudumu, yaani kipande cha programu kinachoitikia hodi, awahi kurudi alikotoka. Chipu ya 8259, ya kupanga makatizo, ilileta milango minane, namba 0 ikitangulia, na rejista (hifadhi ndogo ndani ya chipu) ambamo kila mlango una biti yake ya kuuziba. Aliyebisha wakati mlango umezibwa hasahauliki, ombi lake limeandikwa. Lakini angalieni: limeandikwa kwamba kabisha, haikuandikwa mara ngapi.

Hapo ndipo niliponaswa. Niliziba makatizo nikihamisha baiti 1,920 za skrini, mistari 24 kwa herufi 80. Kazi hiyo ilichukua makumi ya milisekunde, na kila maandishi ya skrini yalipopanda mstari mmoja, herufi zilitoweka. VT100 haihamishi kitu: mwisho wa kila mstari pana anwani ya unaofuata, kwa hiyo kupandisha skrini ni kubadili anwani chache. Nilipoiga hivyo, nikawa naziba kwa amri chache tu, na herufi zikaacha kupotea.