Hita iwashwe kabla mama hajafika

Mabibi na mabwana, wengine wenu mmenisikia nikilisema hili mpaka mmechoka. Nitalisema tena, kwa sababu Julai imefika na bado naingia vyumba vya kujifungulia nakuta hita inawashwa mama akiwa tayari anasukuma.

Shirika la Afya Duniani linataka chumba hicho kiwe na digrii 25 hadi 28. Alfajiri ya Julai hapa Nairobi, nje ni kama digrii 11 au 12. Sasa chukueni chumba cha mita 4 kwa 5, kimo mita 3. Hewa yake, kwa mwinuko wa Nairobi, ni kama kilo 60. Hita ya kilowati 2 ingeipandisha hewa hiyo peke yake digrii moja kwa sekunde 30 hivi. Ndiyo maana muuguzi anatazama kipimajoto, anaona kimepanda, anaridhika. Lakini ukuta je? Mita moja tu ya mraba ya ukuta wa mawe, hata tukiikadiria kilo 300, inataka joto zaidi ya mara tatu ya hewa ya chumba kizima ili ipande digrii hiyo moja. Na kuta hizo zina karibu mita 50 za mraba! Zima hita uone hewa inavyopoa papo hapo. Mtoto aliyezaliwa sasa hivi, mwili bado umelowa, joto lake linakwenda kwenye kuta hizo baridi hata kama hewa ni vuguvugu.

Mtaniambia mama haji kwa ratiba. Sawa, lakini uchungu kwa kawaida huchukua saa kadhaa, na upasuaji wa kupangwa una saa yake. Chumba chako kinahitaji saa ngapi? Hilo ndilo linalojibiwa na modeli, yaani hesabu ya kompyuta ya jinsi chumba kinavyopata na kupoteza joto. Pasha chumba jioni, zima hita, rekodi joto la ndani na la nje kila dakika 10 hadi asubuhi. Tofauti yake itashuka haraka mwanzoni, hiyo ni hewa, kisha polepole, hizo ni kuta. Katika mshuko huo wa polepole, tafuta muda unaopita hadi tofauti ibaki asilimia 37 ya ilivyokuwa mshuko huo ulipoanza. Programu ikipewa namba hiyo, baridi ya nje, na digrii ambazo hita inaweza kukipandisha chumba juu ya baridi hiyo ikiachwa iwake muda mrefu, inahesabu kurudi nyuma hadi saa ya kuwasha. Na msiniambie themostati ipo, kile kifaa kinachowasha na kuzima hita kwa kufuata joto la chumba. Themostati haijui mama anafika saa ngapi.

Ya mabati na dari sitayafikia leo. Zibeni tu nyufa za madirisha kabla ya kupima, la sivyo mtapima upepo. Nani ana kliniki ya kuanzia wiki hii? Kipimajoto kiko hapa mezani.