Miche ya dirishani na jua la Mombasa

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Magharibi yakaribia, kwa hivyo naanza na hii miche miwili ya mnyanya mikononi mwangu.

Mbegu ya aina moja, siku moja, yote imeota kwenye vifuu vya nazi dirishani jikoni. Huu wa kushoto haujatoka ndani: mrefu, mwembamba, umepauka, shingo imepinda kwa kulitafuta jua. Wa kulia umezoeshwa nje siku kumi. Ni mfupi, lakini liguse shina lake. Gumu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipandisha miche arobaini juu ya dari, saa tano asubuhi, mwezi wa Februari. Kufika alasiri majani yalikuwa meupe kama karatasi. Nikadhani ni kiu, nikamwagilia, nikaimaliza. Jani lililokulia kivulini lina ngozi nyembamba, halijajivika nta ya kutosha. Likishaungua, maji hayalirudishi.

Basi siku ya kwanza itoe kwa muda wa saa moja tu, kivulini. Kesho yake muda wa saa mbili. Kisha ionjeshe jua la asubuhi, lile la kabla ya saa tatu, ukiongeza kidogo kidogo mpaka ishinde na kulala nje. Wakati wa kusi ikinge nyuma ya ukuta, maana upepo ule waja na chumvi ya bahari.

Siku ya kupanda ngoja jua lipoe, saa kumi na moja hivi. Ushike mche kwa jani, si kwa shina. Jani likikatika litaota jingine. Mnyanya uzike mpaka karibu na majani, shina litatoa mizizi. Pilipili na mbilingani ziache kina kile kile cha kifuuni. Bamia, wallahi, msijisumbue: mzizi wake mkuu hauupendi uhamisho, pandeni mbegu pale pale.

Wenye ndoo, toboeni chini na muziinue juu ya mawe, kwani saruji ya dari huchemsha mizizi. Ndoo nyeupe ni bora kuliko nyeusi.

Wenye ardhi, chini yetu ni matumbawe. Jani likigeuka manjano na mishipa ikabaki kijani, madini ya chuma yamo udongoni ila mche hauyapati. Changanyeni samadi iliyooza sawasawa. Pale Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti ya mivinje mwaka 1971 kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, juu ya jiwe tupu. Majani yakadondoka yasioze. Waliomtengenezea udongo ni jongoo, mdudu yule tunayemfagia barazani mvua zikinyesha!

Naam, mama pale nyuma? Auliza kama maji ya kisima yafaa. Yaonje kwanza. Ukihisi chumvi ulimini, mnyanya mkubwa utastahimili kidogo, haragwe halitaweza. Miche michanga inyweshe ya mvua, au ya mfereji siku yakija.