Shamba Liko Ng'ambo: Watu wa Bonde la Mto Senegal

Walimu wangu, wanafunzi, na ndugu zangu wote mliofika, asanteni sana. Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya mipakani, nami nimechagua kuwapeleka Afrika Magharibi, kwenye bonde la kati la Mto Senegal. Upande wa kusini kuna miji ya Bakel, Matam na Podor, na hiyo ni Senegal. Upande wa kaskazini kuna Kaédi na Boghé, na hiyo ni Mauritania. Katikati yake kuna vijiji vingi vya Wasoninke na Wahaalpulaar, yaani wasemaji wa Kipulaar, wakiwemo Wafulani; ni wakulima, wavuvi na wafugaji.

Kwenye ramani mto huo ni mpaka. Kwa mwenyeji, mto ndio njia ya kwenda shambani. Kuna koo zenye nyumba ukingo mmoja na mashamba ukingo wa pili, na zimerithishana hivyo tangu enzi za dola ya Fuuta Tooro, iliyotawala kingo zote mbili. Hata Wafaransa waliiendesha Mauritania kutoka Saint-Louis, mji ulio upande wa Senegal, hadi Nouakchott, mji mkuu wa Mauritania wa sasa, ulipoanza kujengwa miaka ya mwisho ya ukoloni. Baada ya uhuru wa 1960, mtu aliyekuwa akivuka kwa mtumbwi kwenda kulima alijikuta anavuka kwenda nchi nyingine.

Tuingie shambani kidogo, maana bila shamba hamtanielewa. Nchi ile ni kame. Podor mara nyingi haipati hata milimita 300 za mvua kwa mwaka, na hizo huanguka katika miezi michache. Kinachoilisha ni mvua iliyonyesha mbali, kwenye milima ya Fouta Djallon huko Guinea. Maji yale hushuka taratibu, na kati ya Agosti na Oktoba mto hufurika na kutandaa juu ya mabonde ya udongo mzito wa mfinyanzi wanayoyaita waalo. Yakianza kurudi, familia huyafuata. Mmoja anatangulia akitoboa mashimo kwenye tope linaloanza kukauka, wa nyuma anadondosha punje za mtama, shimo linafunikwa. Kuanzia hapo mtama ule hukua kwa unyevu uliobaki ardhini, katika miezi isiyo na mvua, na huvunwa wakati nchi nzima imekauka. Kingoni kabisa, kwenye mteremko, wanapanda mahindi, kunde na viazi vitamu. Mashina yaliyobaki baada ya mavuno huliwa na ng'ombe wa wafugaji wanaoshuka kutoka nyanda kavu za jeeri, na samadi yao hubaki shambani.

Waliotoka Rufiji humu ukumbini wameshatambua ninachokisema: ni kilimo cha mlau. Nao wanajua kwamba mkulima wa mlau anasubiri gharika kwa hamu.

Sasa mabwawa. Ukame mkali wa 1968 hadi 1973 uliua mifugo na kuwatoa vijana wengi vijijini, wengi wa Kisoninke wakaelekea Ufaransa. Katikati ya ukame huo, 1972, Mali, Mauritania na Senegal ziliunda shirika la pamoja la kuuendeleza mto, OMVS. Likajenga bwawa la Diama karibu na mlango wa mto, lililokamilika 1986, kuzuia maji ya chumvi, na bwawa la Manantali nchini Mali, 1988, kuhifadhi maji na baadaye kuzalisha umeme. Siwezi kusema mabwawa hayo hayana faida. Kuna maji ya umwagiliaji mwaka mzima, na Dakar, Bamako na Nouakchott zinapata umeme. Lakini gharika ikawa kitu cha kufunguliwa na fundi. Ikija ndogo, au ikipita haraka mno, waalo haishibi maji. Mkulima akaambiwa alime mpunga kwenye skimu, na skimu inataka pampu, dizeli, mbolea na mkopo. Karibu na Diama maji yaliyotulia yakaleta magugu mazito, na kichocho kikalipuka katika mji wa Richard-Toll, upande wa Senegal.

Ardhi iliyokuwa ya mlau ikawa ardhi ya mradi, na ardhi ya mradi ina wagombea wengi. Hapo ndipo naomba mtege masikio. Aprili 1989, karibu na Diawara, si mbali na Bakel, ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya malisho uliishia kwa risasi za walinzi wa mpaka wa Mauritania, na Wasenegali wawili wakafa. Ghasia zikalipuka Dakar na Nouakchott, watu wengi wakauawa. Kisha Mauritania ikawafukuza makumi ya maelfu ya raia wake Weusi, wengi wao Wafulani, wakavushwa mto bila mifugo wala vitambulisho. Wakakaa makambini Senegal wakiziona kwa macho ardhi zao ng'ambo. Kati ya 2008 na 2012 zaidi ya watu 24,000 walirejeshwa kwa msaada wa UNHCR, na wengi waliporudi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine.

Mimi naamini ukabila ulitumika, tena kwa ukatili, lakini thamani mpya ya ardhi ya kingoni ndiyo iliyoufanya uwe na faida kwa waliofukuza.

Leo daraja la kuvuka mto linajengwa Rosso, mji wa mpakani, kazi iliyozinduliwa 2021, na wafanyabiashara wanalihitaji. Ila Rosso iko mbali sana na mwanamke wa Matam anayevuka kwa mtumbwi na jembe lake. Anachokihitaji yeye ni karatasi inayotambulika na serikali zote mbili kwamba shamba lile ni lake, na ratiba ya kufungua maji Manantali inayozingatia mtama wake pamoja na mitambo ya umeme. Nchi za OMVS zilikwisha kutia saini Mkataba wa Maji mwaka 2002, na chombo cha kukaa pamoja wanacho. Wakikutana kupanga maji ya mwaka, wakulima wa kingo zote mbili wawe na kiti mezani.