Bustani Haianzi na Pampu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Kilimo cha bustani ni mboga, matunda, viungo na maua. Pamba unaweza kuipa kisogo wiki nzima ukaikuta. Nyanya haina subira hiyo, na mchicha uliovunwa alfajiri, kufika jioni pale Kirumba umesinyaa, na bei imesinyaa nao.

Sisi wa Mwanza tukisikia bustani tunawaza maji. Tukiwaza maji tunanunua pampu na kusogea ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ziwani, lakini tuseme umekaa nje ya hapo. Udongo wako ni upi? Wengi wetu tuna luseni, yaani udongo wa kichanga. Chota konzi moja, iloweshe, uifinyange: haishikamani, inapukutika vidoleni. Ukiimwagia maji mengi, mbolea uliyonunua dukani inazama kupita mizizi, na nyingine mvua inaisomba hadi ziwani ikalishe magugumaji. Kwa hela yako!

Nendeni Ukara mkaone. Kisiwa kidogo, watu wamejaa, udongo wa kichanga. Tangu enzi za ukoloni wataalamu wamekuwa wakienda kuwastaajabia Wakara: ng'ombe wanafungiwa ndani, wanakatiwa majani, na samadi yao inarudi shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, mimea ya jamii ya kunde, wakayafukia yawe mbolea. Ardhi ileile ikalimwa mwaka hata mwaka. Huku kwetu Usukumani samadi imejaa zizini, inanyeshewa bure, na mwenye zizi yuko mjini anakopa hela ya mbolea. Hili linaniuma, nisiwafiche.

Basi samadi ivundikwe chini ya kivuli hadi iive: ukitia mkono haina joto, wala hainuki zizi. Mbichi inaunguza miche na kukuletea magugu. Ichanganye na udongo wa tuta kabla ya kuhamisha miche, kisha tandaza nyasi kavu juu. Maji mwagilia asubuhi, shinani. Ukiyamwaga jioni juu ya majani, yanalala na unyevu, na bakajani, ule ugonjwa wa ukungu unaobabua majani, haihitaji mwaliko mwingine.

Haya, maswali. Ila kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani ya nyanya, tusimguse sasa hivi; huyo tutamfuata bustanini baada ya chai, tukamwone ndani ya jani.