Kuandaa nguo za kuuza kwenye duka la mitumba ya kisasa: kuanzia kabatini hadi kaunta

Habari zenu, karibuni tena. Mfuko ndio huu hapa mezani, mnauona ulivyojaa. Leo tunaandaa nguo za kupeleka kwenye yale maduka ya mitumba ya kisasa, ambapo unaingia na nguo zako, mnunuzi wa duka anazipitia moja moja mbele yako, kisha unaondoka na fedha au na nguo nyingine. Nimewahi kukaa nyuma ya kaunta ya duka la namna hiyo, na siku hizi napeleka zangu kama mteja yeyote. Kazi hii naipenda sana. Nguo nzuri ikikaa kabatini miaka na miaka bila kuvaliwa, inaniuma.

Kabla hatujagusa kitu, nataka niseme jambo moja mapema, kwa sababu ndilo linalowavunja watu moyo. Duka hili halinunui nguo nzuri. Linanunua nguo itakayotoka haraka kwenye rafu zake, kwa wateja wake. Kama jinzi nyeusi za saizi yako zimejaa pale ndani, yako itarudishwa hata kama ni mpya kabisa. Shikeni hilo, maana tutalihitaji tukifika kaunta.

Haya, tuanze. Kuchambua. Hapa nakwenda haraka, hakuna ujuzi mkubwa. Iliyotanuka shingo, kando. Iliyopauka, kando. Iliyokaa miaka mingi bila kurudi kwenye fasheni, kando. Angalieni na msimu: maduka mengi hununua kwa msimu unaokuja, si huu unaoisha. Koti zito lipelekeni baridi inapokaribia, msingoje hadi watu wameanza kuvua makoti. Mifukoni mtie mkono, kila mfuko. Tumemaliza.

Sasa njooni dirishani. Nguo msizikague chini ya taa ya usiku. Taa ya njano inaficha mengi, na kaunta za maduka haya huwa na mwanga mkali kwa makusudi. Mwanga wa jua, mchana, nguo ikiwa imetandazwa. Naanza na shati hili jeupe ambalo nililipanga liwe mfano wa shati lililo tayari. Kola safi, mikono safi, vifungo vyote vipo, kwapa… subirini. Sogeza kamera kidogo. Mnaona hapo? Kuna kivuli cha manjano. Ngoja nigeuze ndani nje. Ndiyo, lipo, na upande wa pili pia. Basi shati hili haliko tayari, na mpango wetu umebadilika: tutashughulika nalo sasa hivi, mbele yenu.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Msipige pasi kabla ya kukagua kwapa. Narudia: pasi ni ya mwisho. Moto wa pasi unalipika doa likashikana na uzi, na baada ya hapo mtafua mpaka mchoke. Wateja wengi wanakuja kaunta na shati lililonyooka vizuri kabisa, linanukia, na kwapani kuna rangi ya manjano iliyokwisha kugandishwa kwa moto. Mnunuzi anainua mkono wa shati mara moja tu, anaona, analirudisha. Kazi yote ile imepotea.

Ile manjano si jasho peke yake. Inatokana na jasho kukutana na chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa nyingi za kuzuia jasho. Ndiyo maana dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ambayo wengi huikimbilia, mara nyingi haisaidii na huweza kuizidisha manjano yenyewe. Mimi nafanya hivi: siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, nalowesha sehemu ya kwapa tu. Naacha kama nusu saa, nasugua taratibu kwa brashi laini, nasuuza mpaka harufu iishe, kisha nafua kawaida. Likibaki, narudia kabla halijakauka. Na tafadhali, siki isikutane na dawa ya klorini, hata kwenye beseni ambalo halijasuuzwa. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ni sumu. Ukitumia moja, nyingine iwe mbali.

Shati limeloweshwa. Tunaliacha pale, tunaendelea na sweta.

Sweta hii ni ya sufu, rangi nzuri mno, ningeweza kuizungumzia mchana kutwa. Shida yake ni hivi vipira vidogo vya nyuzi ubavuni na chini ya mikono. Vinatokana na msuguano, havimaanishi kwamba sweta imechoka, lakini kaunta hakuna atakayekusikiliza ukieleza hivyo. Vinyolewe. Nalaza sweta juu ya meza ngumu, bapa. Si kitandani, si mapajani. Mkono huu unaivuta iwe laini bila kuitanua, mkono huu unapitisha mashine ya kunyolea nguo kwa mizunguko midogo, bila kukandamiza. Bila kukandamiza! Mashine ina blade, na blade haijui tofauti ya kipira na uzi wa sweta. Ukikandamiza penye mkunjo, shimo limepatikana. Penye mshono, ruka. Penye kifungo, ruka. Penye uzi uliochomoka, usipitishe mashine kabisa. Uvute kwa sindano uingie ndani kwanza.

Mmesikia sauti imebadilika? Betri inapungua. Hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu blade ikizunguka polepole haikati, inavuta. Naichomeka kwenye chaji, na mkono wa pili wa sweta utamalizika baadaye bila kuonyeshwa kwenye video. Ni kazi ile ile.

Wakati tunangoja, neno kuhusu nondo, wale wadudu wanaotafuna sufu. Ukiona kitundu kidogo kwenye sufu ambacho hukumbuki kilitoka wapi, usiitie sweta hiyo kwenye mfuko mmoja na nyingine. Ifungeni kwenye plastiki isiyopitisha hewa, iwekeni kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, halafu mfue kwa mkono kwa maji yasiyo ya moto. Duka likipata nondo kutoka kwenye mfuko wako, limepata hasara kwenye rafu nzima. Wanunuzi wanaogopa jambo hili kuliko doa lolote, na nawaunga mkono.

Turudi kwenye pasi. Zile nguo ambazo kwapa zake tumekwisha kuzikagua, na narudia, ambazo kwapa zake tumekwisha kuzikagua, sasa zipigwe. Tazameni lebo ya ndani. Alama ya pasi yenye kitone kimoja ni moto mdogo, viwili ni wa wastani, vitatu ni mkali. Vitambaa vingi vya nyuzi za kutengenezwa kiwandani, kama nailoni, huwa kitone kimoja, pamba na kitani vinavumilia zaidi. Mwenye kupendelea mvuke, vizuri pia. Kwa gauni za kitambaa laini mimi nachagua mvuke siku zote, maana pasi huacha mng'ao kwenye mishono na mng'ao huo unaonekana vibaya chini ya taa za duka.

Zipu: pandisha, teremsha, pandisha. Vifungo: fungeni vyote. Nguo zote zigeuzwe upande wa nje.

Lebo msikate. Mnunuzi anaitafuta kabla ya kitu kingine chochote, ajue jina, saizi na kitambaa. Kwenye jinzi kuna raha yake. Tazameni hii ya Levi's, kile kitambaa chekundu kidogo kwenye mfuko wa nyuma. Hadi mwaka 1971 jina liliandikwa kwa herufi kubwa zote, kisha herufi E ikawa ndogo. Kwa hiyo E kubwa huweza kuwa dalili ya jinzi ya zamani yenye thamani. Huweza, nasema, kwa sababu kampuni yenyewe baadaye ilitoa matoleo yanayoiga yale ya zamani, nayo yana E kubwa. Angalieni pia mishono, lebo ya ndani na misumari ya mifukoni kabla hamjatamka neno "ya zamani" mbele ya mnunuzi. Na zipu iliyoandikwa YKK haithibitishi kwamba nguo ni halisi. YKK ni kampuni ya Japani inayouzia zipu watengenezaji wa kila aina, na jina lake nalo linaigwa. Nguo bandia isipelekwe kabisa. Ikigundulika, mfuko wako wote unaanza kutazamwa kwa jicho lingine.

Kupakia. Mfuko wa taka hapana, nawasihi. Chukueni mfuko imara wa nguo au kapu la kufulia, nguo zikunjwe bapa, nzuri zaidi juu. Mnunuzi anaanza juu, na nguo tatu za kwanza ndizo zinazoamua anazipitia nyingine kwa mwendo gani. Sitaki kuwadanganya kwamba sivyo. Ndivyo ilivyo. Mfuko ulioandaliwa unapata macho ya subira.

Sasa kaunta. Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanaumia.

Utapewa namba au utaambiwa usubiri. Siku za mapumziko foleni huwa ndefu, kwa hiyo nendeni asubuhi katikati ya wiki. Maduka mengi yataomba kitambulisho. Hawakushuku wewe, sehemu nyingi ni sharti kwa anayenunua vitu vilivyotumika, ili vya wizi visipitie pale. Kisha mnunuzi atafungua mfuko mbele yako na mbele ya wageni walio kwenye foleni. Atashika, atageuza, ataweka kulia au kushoto. Kila nguo sekunde chache. Nimeona watu wazima wakibadilika sura wakati huo.

Kuna mteja aliyeleta gauni la sherehe la bei kubwa, halijavaliwa, na koti jepesi alilolitia mfukoni dakika ya mwisho. Koti likachukuliwa, gauni likarudishwa. Alikasirika, na namwelewa. Lakini bei aliyonunulia haikuwa kwenye hesabu kabisa. Hesabu ni bei ambayo nguo hiyo itauzika pale dukani, na gauni la sherehe humngoja mtu mmoja mwenye sherehe moja. Koti linavaliwa na kila mtu.

Mwingine alikataliwa sketi, akairudisha siku nyingine, mnunuzi mwingine akaichukua. Watu husema hakuna utaratibu. Upo, ila rafu zilikuwa zimepungua sketi, na kila mnunuzi ana jicho lake. Kwa hiyo nguo ikikataliwa na bado unaiamini, ilete tena baadaye au ipeleke duka lingine. Usibishane. Uliza hivi: "Kwa sasa mnatafuta nini zaidi?" Wanunuzi wanapenda swali hilo, na jibu lake ni la manufaa kuliko maneno yangu yote ya leo.

Halafu kuna wale wanaoleta nguo za marehemu. Mama analeta mashati ya mumewe, ameyafua, ameyakunja kwa mikono yake, na mnunuzi kijana asiyejua lolote anasema "haya hapana" bila kuinua macho. Mtu asipitie hapo peke yake. Kama nguo bado imeshika moyo wako, iache nyumbani mwaka mwingine, au mpe ndugu aipeleke kwa niaba yako. Na wewe unayekaa kaunta ukinitazama, inua macho. Sema "asante kwa kutuletea" kabla ya kusema hapana. Haikugharimu kitu, na mteja ataikumbuka.

Malipo. Kwa kawaida utachagua kati ya taslimu na salio la dukani. Taslimu mara nyingi huwa kati ya robo na theluthi ya bei watakayouzia, salio huwa kama nusu. Yaani nguo itakayouzwa 100, unaweza kupata 30 mkononi au 50 za kununulia pale pale. Wengi wanaona hiyo ni dhuluma. Kumbukeni duka limekwisha kukulipa na nguo haijauzwa, na isipouzwa hasara ni yake. Salio chukueni pale tu ambapo mnajua mtanunua humo. Mimi huchukua salio kwa sababu navaa nguo za duka hilo hilo. Ambaye hapapendi achukue taslimu, asishawishike na ukubwa wa namba. Kama duka linafanya kwa mpango wa kuuza kwa niaba yako, basi hulipwi siku hiyo. Unalipwa nguo ikiuzwa, na fungu lako huwa kubwa zaidi. Ulizeni ni mpango upi kabla mfuko haujafunguliwa.

Kabla hujaondoka kaunta, mambo matatu. Soma karatasi ya salio: je, lina tarehe ya kuisha? Hesabu nguo ulizorudishiwa, moja moja. Na uliza zile usizotaka kurudi nazo zinakwenda wapi, maana maduka kadhaa huzipokea na kuzipeleka kwenye misaada, lakini si yote.

Shati letu linaonekanaje? Ngoja nilisuuze… manjano imepungua, upande wa kushoto bado. Linarudi kwenye siki, na haliendi dukani wiki hii. Mashine nayo imeshapata chaji, kwa hiyo naenda kumalizia ule mkono wa sweta. Maswali yaandikeni hapo chini, hasa ya viatu na mikoba, kwa sababu ukaguzi wake ni tofauti kabisa na ndio video inayofuata.